Wahamasishaji wa afya ni wafanyakazi, walindwe na walipwe kama wafanyakazi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo, kwa maoni yangu, halijapewa uzito unaostahili tangu Septemba 2023, serikali ya Kenya ilipozindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii na kuwatuma mitaani na vijijini zaidi ya watu 100,000, kila mmoja na mkoba wake wa vifaa na simu ya kuwekea taarifa za kaya. Mjadala wa afya humu nchini umeegemea mno bima, hospitali na migomo ya madaktari. Hayo ni mambo mazito na sisemi yaachwe. Hata hivyo, kwa sisi tunaofanya kazi mitaani, ni dhahiri kwamba afya ya mkazi wa mitaa ya Nairobi kama Mukuru, Mathare au Kayole huamuliwa kwa kiasi kikubwa na saa anazofanya kazi, na msimamizi anayemruhusu au kumnyima muda wa kwenda kliniki, na pia hali ya maisha ya yule jirani anayempigia hodi ili ampime presha. Indonesia imetembea njia hii miaka mingi kabla yetu, na yaliyowapata wenzetu huko, mema kwa mabaya, yanafaa kusomwa na kila diwani wa Nairobi kabla hajaketi kupitisha bajeti ya afya.

Indonesia ni nchi ya visiwa zaidi ya 17,000 na watu zaidi ya milioni 270. Haingewezekana kuwahudumia watu hao wote kwa hospitali peke yake, na serikali yao ililitambua jambo hilo mapema. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 ilianza kujenga vituo vya afya vya ngazi ya chini vinavyoitwa puskesmas, ambavyo sasa vimepita 10,000, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 ikaongeza chini yake mikutano ya kila mwezi ya afya ya mama na mtoto inayoitwa posyandu. Mwaka 1989 ukaanza mpango wa kupeleka wakunga vijijini, na katika muda wa chini ya miaka kumi wakunga zaidi ya 50,000 walikuwa wamefunzwa na kupangiwa vijiji. Mpango wetu wa wahamasishaji, kwa ukubwa wake na kwa mtindo wake wa kumtegemea jirani, hauna ndugu wa karibu kuliko huo.

Posyandu yenyewe ni jambo rahisi kulieleza. Siku moja kwa mwezi, asubuhi, akina mama hukusanyika kwenye ukumbi wa kitongoji au barazani kwa mmoja wao. Mtoto hulazwa kwenye kitambaa kilichofungwa kwenye mizani ya kuning'iniza, mara nyingi akilia kwa nguvu zake zote, na uzito wake huandikwa kwenye kadi yenye mistari ya rangi ambayo mama hurudi nayo nyumbani na anaweza kuisoma hata kama kisomo chake ni kidogo. Zipo hatua tano, kila moja na meza yake: kuandikisha, kupima, kunakili, kushauri, na ya tano ndipo anapoketi mkunga au muuguzi wa puskesmas kwa chanjo na matibabu. Meza nne za kwanza huendeshwa na wanawake wa mtaa huo huo, wanaoitwa kader. Aghalabu watoto hawaondoki bila chakula, na kinachojulikana zaidi ni uji wa ndengu uliopikwa kwa tui la nazi na sukari guru. Uji huo hupikwa na kader hao hao, ambao pia ndio waliopita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha majirani tarehe, na ndio watakaofagia ukumbi wakati mkunga amekwisha panda pikipiki kwenda kijiji kingine.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa bila mshahara. Wanawake hao waliletwa na vuguvugu la ustawi wa familia ambalo, enzi za Rais Suharto, liliongozwa katika kila ngazi ya utawala na mke wa kiongozi wa ngazi hiyo, na ilichukuliwa kuwa mama mwema hutoa muda wake kwa jamii bila kuuliza atapata nini. Baadaye, hasa baada ya sheria ya vijiji ya mwaka 2014 kuvipa vijiji fedha zao wenyewe kutoka serikali kuu, kader wengi walianza kupata posho. Posho hiyo hutofautiana kijiji na kijiji na haifikii mshahara wa mfanyakazi. Hata ndani ya puskesmas kwenyewe wamekuwapo wauguzi na wakunga wa mikataba ya muda, wanaoketi chumba kimoja na wenzao walioajiriwa na kufanya kazi ile ile kwa malipo madogo sana. Tunaokumbuka yaliyowapata wahudumu wetu wa afya walioajiriwa kwa mikataba mwaka 2020, na jinsi walivyolazimika kuandamana kudai haki zao, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Udhaifu wa mpango huo ulijitokeza wakati wa dhiki. Msukosuko wa uchumi wa mwaka 1997 na 1998 ulipoangusha sarafu ya Indonesia na kumwondoa Suharto madarakani, posyandu nyingi zilizorota na nyingine zikalala kabisa, hadi serikali ikalazimika kuanza kuzifufua upya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwanamke ambaye bei ya mchele imempanda ghafla hawezi kuendelea kutoa asubuhi zake bure. Atatafuta kibarua, na ana haki ya kufanya hivyo. Huduma iliyojengwa juu ya muda wa bure wa maskini hutoweka siku ambayo maskini anaihitaji zaidi, na sisi hapa Kenya hatujapimwa kwa mtihani wa aina hiyo tangu Septemba ile ya 2023.

Liko jambo la pili, ambalo nalitazama kwa macho yangu karibu kila wiki. Posyandu kwa kawaida hufanyika asubuhi ya siku ya kazi. Mama anayeshona nguo katika kiwanda cha Java Magharibi, au anayeajiriwa kwa kutwa kunyunyiza dawa za magugu katika mashamba ya michikichi ya Sumatra, hawezi kufika, kwa hiyo mtoto huletwa na bibi yake au haletwi kabisa. Ushauri wa lishe humfikia bibi, na mama, ambaye ndiye mwenye kunyonyesha na kupanga matumizi, husimuliwa usiku akiwa amechoka. Indonesia imepunguza udumavu wa watoto kutoka asilimia 30.8 mwaka 2018 hadi asilimia 21.5 mwaka 2023, na hiyo ni kazi kubwa inayostahili heshima, lakini haikulifikia lengo lake la asilimia 14 ifikapo mwaka 2024. Mimi siamini kwamba sababu ni ujinga wa akina mama. Mtu hawezi kunyonyesha mtoto aliye mbali naye saa kumi kwa siku.

Katika mitaa ya Mukuru, inayopakana na Eneo la Viwanda, hali ni hiyo hiyo. Kabla jua halijachomoza, barabara hujaa wanaume na wanawake wanaokwenda kwa miguu kusimama kwenye malango ya viwanda wakisubiri kuitwa. Mhamasishaji akianza mzunguko wake saa tatu asubuhi hukuta kufuli mlangoni, safu baada ya safu, na watoto anaopaswa kuwapima wako kwa mwanamke mmoja wa jirani ambaye analipwa kwa siku kuwatunza katika chumba kimoja cha mabati. Ndiyo sababu wahamasishaji wenye bidii hufanya kazi jioni na Jumapili, wakipita kwenye vichochoro visivyo na taa, na hakuna aliyewahesabia saa hizo. Nimemwona mmoja wao akimvisha mtoto ule utepe wa kupimia mkono, ukasoma rangi ya manjano, yaani mtoto ameanza kupungukiwa na lishe, na akamwandikia mama barua ya kwenda kliniki. Mama aliipokea barua hiyo kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akasema kwa upole kwamba akikosa kiwandani siku moja nafasi yake itachukuliwa na mwingine, na kwamba kliniki hufungwa kabla hajatoka kazini. Mhamasishaji hakuwa na jibu la kumpa, wala mimi sikuwa nalo.

Sheria zetu si mbaya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Indonesia nayo ina sheria nzuri: ile ya mwaka 2003 inatoa likizo ya miezi mitatu na fursa ya kunyonyesha wakati wa kazi, na nyingine ya mwaka 2024 inaruhusu likizo ifike miezi sita endapo mama au mtoto ana matatizo maalumu ya kiafya. Tatizo katika nchi zote mbili ni kwamba sheria hizi humfaidi mwenye barua ya ajira, ilhali wengi wa wafanyakazi, kule na huku, hawana barua hiyo. Sheria yetu inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja ahesabiwe kuwa na mkataba. Wapo waajiri wanaolijua hilo vizuri na kuhakikisha mwezi hautimii. Wafanyakazi wa nyumbani wa Indonesia wameteseka zaidi, kwa kuwa muswada wa kuwalinda ulipendekezwa mwaka 2004 na miaka 20 baadaye ulikuwa bado haujapitishwa. Muuguzi anayetibu kifua kikuu anajua maana ya hali hii. Ugonjwa huo unahitaji miezi sita ya dawa bila kukatiza, na mgonjwa anayeogopa kufukuzwa kazini akionekana anakohoa ataficha kikohozi chake kadiri awezavyo, akiwa amebanana na wenzake katika chumba kisicho na hewa. Indonesia ni ya pili duniani, baada ya India, kwa wingi wa wagonjwa wapya wa kifua kikuu, na sisi pia tumo katika orodha ya nchi zenye mzigo mkubwa.

Sitaki kuiacha tumbaku, ijapokuwa wengine wataona ninatoka nje ya barabara. Takriban theluthi mbili ya wanaume wazima wa Indonesia huvuta sigara, na nyingi ni za kretek, zenye karafuu ndani yake. Kwa miaka mingi karafuu za Unguja na Pemba zilisafirishwa hadi huko kwa ajili ya sigara hizo, kwa hiyo pwani yetu ya Afrika Mashariki si mgeni kabisa katika habari hii. Katika hesabu za umaskini za idara yao ya takwimu, sigara ndiyo bidhaa ya pili baada ya mchele kwa ukubwa wa matumizi ya kaya maskini. Shilingi ambayo ingenunua mayai ya mtoto huishia kwenye moshi, na moshi huo huo humrudia mtoto chumbani. Kwa upande mwingine, katika miji kama Kudus na Kediri, maelfu ya wanawake hupata riziki kwa kusokota sigara hizo kwa mkono wakilipwa kwa idadi, na hilo ni mojawapo ya mambo yanayotajwa kila mara serikali inapotakiwa kubana biashara ya tumbaku. Indonesia haijajiunga na mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004. Katika hili tulitangulia, na tusirudi nyuma.

Kuhusu bima nitasema machache kwa sababu gazeti lako limeandika mengi. Indonesia ilianzisha bima yake ya kitaifa tarehe 1 Januari 2014, na miaka kumi baadaye karibu kila raia alikuwa amesajiliwa. Mwenye ajira huchangiwa asilimia 5 ya mshahara wake, asilimia 4 ikitoka kwa mwajiri na 1 kwake mwenyewe, na maskini karibu milioni 100 hulipiwa na serikali kuu. Waliokwama ni wale wa katikati: wachuuzi, waendesha pikipiki, mafundi wa jua kali kwa lugha yetu, wanaotakiwa kujilipia kila mwezi bila kuwa na kipato cha kila mwezi, na mamilioni yao majina yamo kitabuni ilhali bima yao imelala kwa malimbikizo. Sisi tangu Oktoba 2024 tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na mwajiri haongezi kitu. Asiye na mshahara hutozwa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na amekuwa akitakiwa kuulipa kwa mwaka mzima. Nashangaa kwamba suala la mwajiri kuchangia limezimika katika mijadala yetu kana kwamba haliwezekani, wakati Indonesia, ambayo si nchi tajiri, imelitekeleza tangu siku ya kwanza.

Lililonisukuma zaidi kuandika barua hii ni tukio la mwaka 2019. Mwezi Aprili mwaka huo Indonesia ilipiga kura ya rais na mabunge yake kwa siku moja, na wananchi wa kawaida waliochaguliwa mitaani mwao kusimamia vituo, kwa posho ndogo, walihesabu karatasi hadi usiku wa manane na wengine hadi alfajiri. Kwa hesabu ya tume yao ya uchaguzi, wasimamizi 894 walifariki dunia na wengine zaidi ya 5,000 wakaugua. Wataalamu waliochunguza walitaja uchovu uliopita kiasi juu ya maradhi ya moyo na shinikizo la damu ambayo wengi walikuwa nayo. Katika uchaguzi wa 2024 umri wa wasimamizi uliwekewa kikomo cha miaka 55 na wakatakiwa kupimwa afya kabla ya kuanza kazi. Watu hao hawakuwa wahudumu wa afya, najua, lakini walikuwa ni kundi lile lile: jirani anayeombwa na serikali aibebe kazi ya umma kwa moyo wake, na hakuna anayemuuliza kama ana nguvu za kuibeba.

Wahamasishaji wetu wengi ni wanawake wa makamo. Kila mmoja hukadiriwa kuhudumia kaya 100 hivi, ambazo katika mitaa yetu ya mabanda zimo kwenye ploti zenye ngazi za chuma na mitaro iliyo wazi. Hupima presha za watu kutwa, na wapo wenye presha wao wenyewe ambao hawana dawa. Huingia katika nyumba ya mgonjwa wa kifua kikuu bila barakoa. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, wakati kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa jumla hapa Nairobi kimepita shilingi 16,000. Na hizo 5,000 nazo, kama wenyewe walivyolalamika hadharani katika kaunti mbalimbali, huchelewa miezi. Anayechelewa kulipwa hukopa dukani, na akishindwa kulipa deni huanza kukwepa njia inayopita mbele ya duka hilo, pamoja na nyumba zilizo kwenye njia hiyo.

Nimewasikia viongozi wakisema kwamba ukimlipa mhamasishaji mshahara utaua moyo wa kujitolea. Sijaona ushahidi wa hilo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilipendekeza wahudumu wa afya ya jamii wapewe mikataba ya maandishi na malipo yanayolingana na kazi na saa zao, na sijawahi kusikia daktari akiambiwa kwamba mshahara wake unamharibia wito. Hoja ya pili, ya kwamba hazina haina fedha, ni nzito zaidi na siwezi kuipuuza. Hata hivyo, kulipa kwa tarehe inayojulikana hakugharimu zaidi ya kulipa kwa kuchelewa. Kuwapima wahamasishaji afya zao mara moja kwa mwaka katika vituo vile vile wanavyovitumikia, na kuwapa barakoa na koti la mvua, hakuhitaji mkopo kutoka ng'ambo. Kuwalipia mchango wa bima, wao na familia zao, ni shilingi 3,600 kwa mwaka kwa kila mmoja tukikadiria kwa kiwango cha chini.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya na serikali za kaunti ziwape wahamasishaji mikataba ya maandishi inayotaja saa za kazi, tarehe ya malipo, fidia ya anayeumia akiwa kazini na mahali pa kupeleka malalamiko. Katiba yetu, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi malipo ya haki na mazingira yafaayo ya kazi. Haifai kutimiza kifungu kimoja kwa kuvunja kingine. Naiomba Kaunti ya Nairobi ifungue kliniki za mama na mtoto zilizo karibu na Eneo la Viwanda hadi saa mbili usiku angalau siku mbili kwa wiki, pamoja na Jumamosi mchana kutwa, na iwapange wauguzi wa zamu hizo kwa malipo ya ziada badala ya kuwaongezea mzigo walio nao. Nawaomba wenye viwanda wakubali barua ya mhamasishaji kama ruhusa ya nusu siku ambayo haimkoseshi kibarua nafasi yake kesho yake. Na wabunge wanaotoka katika maeneo haya waurudishe mezani mjadala wa mwajiri kuchangia bima, kabla ya msimu wa kampeni za 2027 haujawashika wote.

Wako mwaminifu,
Afisa wa afya ya jamii,
Mukuru, Nairobi